Kidole cha Jina Lake

Jumatatu, 3 Juni

Sindano ya kushonea makochi imenichoma kidole cha shahada, mkono wa kulia. Tone moja tu la damu. Nimelamba nikaendelea na kazi. Mume wangu ameona kutoka kwenye mbao zake, akauliza kwa mikono kama nimeumia. Nikamjibu kwa mikono: seremala, shughulika na misumari yako. Mtaani wanamwita Kimya kwa sababu ni kiziwi. Laiti wangejua! Nyumbani hakuna anayeongea kumzidi.

Jumatano, 5 Juni

Mkono umeumuka kama mkate. Mwekundu, wa moto. Pete imetoka kwa sabuni, nusura nilie. Mume wangu anasema twende hospitali. Nimesema kesho.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika kwa kushoto. Mwandiko kama nyayo za kuku.

Usiku homa. Asubuhi wekundu umeshapanda kuelekea kwenye kiwiko. Sikio la kufa halisikii dawa — na mwenye sikio hilo ni mimi, si yeye.

Hospitali wamenilaza. Muuguzi kasema ni maambukizi ya ngozi, ningezidi kuchelewa yangeingia kwenye damu. Kachora mstari wa kalamu kuzunguka wekundu. Ukivuka hapa, kasema, niite hata nikiwa nakula. Kisha dripu ya antibaotiki, na mkono juu ya mito, uwe juu kuliko moyo, utulie. Daktari ana wasiwasi na kidole. Uvimbe usiposhuka atapasua, na huenda kisikunjike tena.

Kaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nashona. Sikumwambia kinachonitisha zaidi. Mkono huu ndio ninaoongea nao na mume wangu.

Jumamosi, 8 Juni

Wekundu umerudi nyuma ya mstari. Ahsante Mungu, ahsante muuguzi na kalamu yake.

Kuongea kwa kushoto ni kigugumizi kitupu. Sentensi moja, jasho. Leo mume wangu kaona ninavyohangaika, akatia mkono wake wa kulia mfukoni, akaniambia tuko sawa. Kutwa nzima anaongea kwa kushoto tu, ana kigugumizi kama mimi. Wifi yangu kaja, kampigia kaka yake kelele kama kawaida, eti mkono wa mfukoni una nini. Kamjibu: umechoka. Nimelia. Nikasingizia dripu.

Jumatatu, 10 Juni

Uvimbe umeshuka! Mikunjo ya vidole imeonekana, nimeifurahia kama ndugu waliorudi kutoka safari. Muuguzi kasema nianze kukunja polepole, na dozi niimalize hata nikijiona mzima.

Vidole vinne vinatii. Cha shahada bado kigumu, nacho ndicho cha jina lake la ishara. Unakikunja kama ndoano, unagusa nyusi, palipo na kovu lake. Nilimpa jina hilo mwenyewe, enzi za uchumba.

Leo nimelijaribu. Kidole kimefika nusu, kikagoma. Akanitazama, kakunja uso: huyo nani? Mimi simjui.

Mpuuzi huyu. Nimecheka mpaka wagonjwa wengine wamegeuka. Sijui nilimfanyia Mungu jema gani nikapewa mtu kama huyu.

Sasa kautoa mkono wake mfukoni. Kakishika kidole changu, anakikunja taratibu, taratibu, huku mimi naandika. Daktari yuko kitanda cha jirani, anayefuata ni mimi. Mume wangu kaniachia. Anagusa nyusi zake, anasubiri nimwite tena —