Kitambulisho cha Wairimu

Jumatatu, 2 Machi

Nimemwambia Wairimu tena hakionekani. Nimetafuta kwa kabati, chini ya godoro, ndani ya Biblia. Uongo yote. Kitambulisho cha Wairimu kiko kwa debe la maharagwe ya mbegu, nimekifunga na nailoni, nimekisukuma chini mpaka majivu ya kuzuia wadudu ikanifika kwa kiwiko.

Kalamu sijui, naongea na hii simu. Wairimu msichana wangu ndiye alinionyesha pa kufinya. Simu ni yake, uongo ni yangu.

Wanasema watu wetu wako Ujerumani, kama yeye, watapiga kura ya rais hukohuko. Wanaandikishwa kwa ubalozi, siku chache tu. Pasipoti yake iko mahali inabadilishwa, kwa hivyo anataka kitambulisho. Aliniachia nimuwekee. Njoroge wa jirani alikuja likizo, anarudi huko Ijumaa ya wiki ijayo. Nimpatie abebe.

Sitaki.

Jumatano, 4 Machi

Wacha niseme ukweli, hakuna mtu anasikia. Wairimu anakuja nyumbani wakati wa kura tu. Miaka tano, halafu wiki mbili. Huko anaosha wazee wa wenyewe, likizo anaiwekea kura. Akipigia huko, atakuja hapa Murera kufanya nini?

Na mimi nitawekewa alama na nani? Sikusoma. Zamani karani alikuwa ananiuliza kwa sauti, mama unataka nani, na maajenti wamesimama hapo wananikodolea. Wakati nilikuwa nachuma kahawa Ruiru, ajenti mmoja alikuwa nyapara wetu. Nikasema jina ya mtu wake. Uoga. Nililia njia yote mpaka nyumbani, na kahawa yenyewe siku hizi imeng'olewa, ni maploti tu na mageti. Huwezi jua hata mahali nililia.

Halafu Wairimu akafika kumi na nane. Akaapa mbele ya karani atatunza siri, akaingia na mimi. Nikamnong'oneza kwa sikio. Nywele yake ilikuwa inanukia mafuta ya nazi. Akaweka alama. Tukashuka Thika mjini kula chipsi, vidole ziko na wino, tunacheka bure. Mimi, yeye na Mungu tu ndio tulijua. Toka siku hiyo yeye ndiye mkono wangu.

Alhamisi, 5 Machi

Fellowship ya akina mama. Mama Njoroge, huyo jirani, akasimama akaomba kitambulisho kipatikane. Aliomba sana. Mpaka jasho.

Nikasema amina.

Jumamosi, 7 Machi

Pickup ya kanisa imekuja kuchukua sadaka ya mavuno, kesho itauzwa kwa mnada. Nimetoa maharagwe. Nilikuwa na madebe mbili kwa mlango, ya kula na ya mbegu. Nikawaambia chukueni ya kushoto. Nimechoka, nalala.

Jumapili, 8 Machi

Ngai! Walikuwa wamenielekea uso kwa uso. Kushoto yao si kushoto yangu.

Nimejua mnada ukiendelea. Debe limeinuliwa mbele, limefungwa na kipande cha leso yangu ya kijani. Ya mbegu! Nikanyoosha mkono haraka. Mzee wa kanisa akasema, "Mama Wairimu, sadaka yako unairudia?" Kanisa yote ikacheka. Nikaongeza bei. Mama Njoroge akafikiri ni mchezo, akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza, na anacheza. Nikaishiwa.

Akalibeba na kichwa, anapigiwa vigelegele.

Jumatatu, 9 Machi

Sijakula. Nimeenda kwa Mama Njoroge mara mbili, nikasema nimekuja kuomba chumvi. Debe halijafunguliwa. Mara ya pili akaniuliza hiyo chumvi nawapea ng'ombe.

Jumanne, 10 Machi

Amekuja na kitambulisho kwa sahani. Kwa sahani, kama mkate.

"Maombi imejibiwa, mama. Imemea kwa maharagwe."

Akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akaangalia uso yangu, akaacha. Akakaa chini. Akasema, "Njoroge wangu, safari ya kwanza, nilimfichia viatu. Akaenda na sapatu."

Nikaweka chai.

Alhamisi, 12 Machi

Ningeweza kukificha tena. Nilifikiria hiyo, sidanganyi.

Lakini Wairimu amepiga simu, na sauti yake ilikuwa pole sana, ile sauti ya hospitali. Ananiuliza leo ni siku gani. Nimekula nini asubuhi. Nikauliza kwa nini unaniuliza kama mtoto? Akasema, "Maitu, mama yangu, wale wazee wangu huanza hivyo. Kupoteza vitu. Silali, nafikiria kichwa chako."

Haiya. Mtoto wangu analia juu ya akili yangu na akili ni nzima kabisa, ni roho ndiyo mbaya.

Nikamwambia yote. Debe, mnada, chumvi. Halafu akacheka na machozi. Akauliza, "Na kura yako, Maitu?" Nikasema hiyo wachana nayo.

Ijumaa, 13 Machi

Nimempatia Njoroge mkononi, nikamfungia na nailoni ileile. Bado ilikuwa na majivu. Mama yake hakutoka nje kumuaga. Ilibidi aingie kwa nyumba.

Jumamosi, 21 Machi

Ameandikishwa. Ametuma picha, amesimama nje ya ubalozi na koti kubwa, ameshika kakaratasi. Amekonda. Hajasema atakuja lini. Sikuuliza.

Lakini amenikumbusha kitu. Karatasi ya kura iko na picha. Uso ya mtu mimi naijua, sihitaji kusoma. Ni alama tu. Kwa hivyo nimechukua penseli, nimeenda kwa kalenda ya kanisa, nimeweka tiki kwa siku ya leo. Imepinda kama mguu ya kuku. Ya jana nikaiweka pia. Hiyo imenyooka kidogo. Kesho nitaweka ingine. Siku ya kura nitaingia peke yangu, na hakuna sikio nitanong'oneza, na Wairimu atakuwa kwake pia anaweka ya—

"Mama Wairimu! Kuja, githeri inapoa!"

Ni Mama Njoroge, kwa geti.

"Na ukuje na chumvi yako!"

Nakuja, nakuja. Wacha nifinye hii kitu.