Herufi ya Chaki

Jumatatu, 4 Oktoba 1965

Tupa tena mkononi. Asubuhi nzima nimesugua kipande kimoja cha chuma ili kona zake zikae sawa. Fundi Lukoye akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kama mtu anayekagua yai, akanirudishia bila neno. Maana yake sugua tena. Nimesugua. Mabega yanawaka.

Nina miaka thelathini na miwili. Wanagenzi wenzangu wanne hawajafika ishirini na miwili, wananiita Mzee. Hainichekeshi. Wao walitoka shule wakaingia moja kwa moja kwenye mashine. Mimi nilibeba vyuma uani miaka sita, enzi zile mtu mweusi hakuruhusiwa hata kuegemea mashine ya kukereza. Uhuru ulipokuja, karakana ikafungua mlango wa uanagenzi. Nikawa wa kwanza kuandikisha jina.

Jaribio la ufundi ni tarehe tatu Novemba. Mkaguzi anatoka Nairobi. Nikipita, nakabidhiwa mashine yangu. Nisipopita, meneja alishasema, narudi uani.

Siku thelathini. Situlii.

Jumatano, 6 Oktoba

Leo nimepewa kazi yangu mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho. Shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Ni ya Mama Khasoa wa Lumakanda, mmoja wa waliopata mashamba kwenye skimu ya makazi. Mahindi yanavunwa, watu wanapanga foleni kwake na hana cha kuwasagia. Dereva wa lori lake amekuja asubuhi na kusema hatalala hapa.

Mwisho wa shafti unakatwa uzi, mifereji kama ya skrubu, na juu yake inakazwa nati ya kushika gurudumu la mkanda. Kuna uzi wa kulia, ule wa kawaida, na kuna wa kushoto, unaokazwa kwa kugeuza kinyume. Ukikosea, mzunguko wenyewe unailegeza nati kidogo kidogo. Fundi hutuonyesha upande kwa herufi moja ya Kiingereza, kwa chaki, juu ya chuma. L ya left, kushoto; R ya right, kulia.

Ila Fundi huandika anavyotamka, na anatamka kama wengi wetu huku. Kushoto kwa Kiingereza kinywani mwake ni "reft", kulia ni "lait". Kwa hiyo R yake ndiyo kushoto, L yake ndiyo kulia. Karakana nzima inajua. Unageuza kichwani, unaendelea na kazi. Hakuna anayemwambia. Nani amwambie? Mtu alijifunza kazi kwenye karakana za jeshi wakati wa vita, anapima chuma kwa ukucha na hakosei.

Ameandika L, akaondoka na meneja kwenda Kisumu kuchagua vyuma. Nimegeuza kama kawaida. Nimekata uzi wa kulia, na nati yake. Umetoka safi, unang'aa. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi. Nimempa shafti bila kumngoja Fundi aikague.

Nimefurahi kijinga. Nimetembea hadi Lurambi nikipiga mluzi.

Jumapili, 10 Oktoba

Kanisani nimepima benchi kwa vidole. Miguu yake si sawa. Mke wangu Rispa amenifinya. Nyumbani akachinja kuku, akasema ingokho hii ni ya kunituliza, nile obusuma, ugali wetu, nishibe niache kuzungukazunguka kama jogoo aliyekosa banda. Nimekula. Sijatulia.

Jumatatu, 18 Oktoba

Lori la Lumakanda limerudi na shafti yangu.

Nati ililegea siku kwa siku. Alhamisi ikatoka, gurudumu likachomoka huku mashine ikienda kasi, likamgonga msagaji mguuni. Mfupa umevunjika. Jina lake Barasa. Ana watoto watatu. Dereva ametusimulia yote haya mlangoni, kwa sauti ya juu, na mimi nimeshika tupa.

Meneja ametoa karatasi ya oda. Imeandikwa uzi wa kushoto.

Nimesugua kipande kilekile hadi jioni.

Jumanne, 19 Oktoba

Tumeitwa ofisini sote.

Meneja ameuliza nani alikosea. Kabla sijafungua mdomo, Ayub, mdogo wetu kuliko wote, akasema bila ubaya wowote, "Fundi anaandikanga kinyume, Bwana. Sisi tunageuzanga tu." Wengine wakacheka. Meneja hakucheka. Hakuwa anajua.

Fundi alisimama wima. "Siku hiyo niriandika eli," akasema. "Eli ya kweri."

Wakacheka tena. Kila mtu ameshaamua. Aliyeandika kinyume miaka yote ameandika kinyume tena, na safari hii mwanagenzi akasahau kumgeuzia. Ndivyo walivyolipanga, na limekaa vizuri kuliko kweli.

Kisha meneja akanigeukia. Nilisoma herufi gani?

Chaki ilishafutika kwa mafuta. Nilikuwa nimeiona mimi peke yangu.

Nikasema, "Sikumbuki."

Nakumbuka. Ilikuwa L, mguu wake wa chini umevutwa mrefu. Mimi ni mwongo. Nimeiandika hapa ili isikae kichwani peke yake.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu. Karakana imefungwa. Afadhali ingekuwa wazi.

Nimepalilia ndizi ambazo hazina magugu. Rispa akaninyang'anya jembe. Nikaondoka, miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwa Fundi. Hakuwepo. Binti yake Felista, wa darasa la tano, alikuwa mlangoni na daftari. Aliniamkia, akaniletea kigoda, akanionyesha daftari bila kuombwa. Si lake. Ni la baba yake. Kurasa nne za L, kurasa nne za R, mistari imekolea kalamu kama ya mtu anayechonga. Chini ya L amechora mkono wa kushoto. Chini ya R, wa kulia.

"Nimekuwa nikimfundisha kila Jumamosi," akasema. "Hataki mgeni wa Nairobi amcheke. Sasa anaandika vizuri, sivyo?"

Nilimwambia anaandika vizuri sana. Nikarudi kwa njia ndefu, ya mtoni.

Kwa hiyo alijifunza kimya kimya, kwa aibu. Na sisi tulikuwa tumezoea kumgeuza kimya kimya, kwa adabu. Kati ya aibu yake na adabu yetu, mguu wa Barasa.

Nimemkasirikia. Angetuambia! Kisha nimejikasirikia zaidi.

Alhamisi, 21 Oktoba

Fundi ameondolewa kwenye mashine hadi jambo liishe. Amepelekwa uani kupanga vyuma vikuukuu. Mahali pangu pa zamani. Anabeba vibaya, hajui kuinama kwa magoti. Nilitaka kutoka nimwonyeshe. Sikutoka.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimevunja vyembe viwili vya kukatia. Ayub ananiuliza kama ni homa.

Jina langu limebandikwa ukutani, la kwanza kwenye orodha ya jaribio.

Jumamosi, 23 Oktoba

Nimemwambia Rispa. Hakulia wala hakunifokea. Akauliza kitu kimoja tu: uani ni muda gani? Nikasema sijui. Akaendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Basi nenda useme Jumatatu, kabla hujanichosha na huo mzunguko wako."

Miaka sita ile anaikumbuka kuliko mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akinikanda mgongo.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimesema.

Niliingia kwa meneja na kofia mkononi, nikasema herufi ilikuwa L, nikasema niligeuza mwenyewe, nikasema niliitoa shafti bila kukaguliwa, nikasema nilidanganya. Nilikuwa nimepanga maneno mengi zaidi. Hayakuhitajika.

Meneja alivuta orodha ya jaribio mbele yake. Akasema kosa la uzi lingesameheka. La "sikumbuki" hapana. Jina langu limetolewa kwenye orodha. Jaribio lijalo ni baada ya mwaka mmoja, kama Fundi atakubali kunisimamia tena. Mpaka hapo, uani.

Tumepishana mlangoni, Fundi akirudi ndani, mimi nikitoka nje. Nilimwomba msamaha. Alinitazama kwa hasira ya kweli, sijawahi kuiona.

"Si ungeniuriza tu?" akasema. "Chuma iko mbere yako, mimi niko mbere yako. Ungeuriza!"

Nikamwambia naye angetuambia. Lilinitoka. Aliingia ndani.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimeingia kwenye lori la Lumakanda kumwona Barasa. Mguu umefungwa vibao. Nimemwambia ni mimi. Mkewe alitoka nje, hakutaka kunisikia. Barasa akauliza kama shafti mpya inatengenezwa, maana watu wanasaga kwa mawe. Nikasema sijui. Niliwapalilia maharagwe yao hadi lori lilipogeuka kurudi.

Mama Khasoa amenipita mara mbili bila kunisalimu. Ni haki yake.

Jumatano, 3 Novemba

Mkaguzi amefika. Nimemwona kupitia dirishani, mfupi, ana miwani. Wenzangu wanne wamevaa nguo za kazi zilizofuliwa. Mimi nimebeba vyuma. Nimesikia mashine ya kwanza ikianza kula chuma, na kwa sauti nikajua Ayub anaharakisha mno. Polepole, nilisema. Kwa nani?

Wamepita watatu. Ayub hakupita. Alikuja kukaa nami uani, akalia kidogo. Nilimpa nusu ya muhogo wangu.

Nina wivu na waliopita. Nauandika jinsi ulivyo.

Jumatatu, 8 Novemba

Mvua asubuhi. Uani matope.

Saa nne Fundi alitokea mlangoni akaniita kwa kidole. Nilinawa mikono. Kwenye mashine palikuwa na chuma kipya, kirefu. Shafti ya Lumakanda. Alisema amemwomba meneja: aliyeiharibu ndiye atakayeitengeneza, kisha atarudi uani.

Nilikereza hadi saa nane. Alikaa juu ya kreti nyuma yangu. Ilipofika sehemu ya uzi, akainuka, akaandika kwa chaki. L. Mguu wake wa chini mrefu.

Nilizima mashine.

"Mkono gani, Fundi?" nikauliza.

Wenzangu waliinua vichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Fundi Lukoye alinitazama, kisha akatazama herufi yake kana kwamba naye anaisoma. Akaweka chaki chini, akainua mkono wa kushoto, juu, vidole vimekunjuliwa, wote wauone.

Niliwasha mashine.