Sindano ya Adhuhuri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, goti limekuachia upande ngazi, na mdogo wangu anakula kwa saa zake bila kukununia. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii isiyokwisha. Ile mashine ya kumtia mdogo wangu insulini inahitaji programu ya kukadiria sukari yake itakavyopanda na kushuka kutwa nzima. Hesabu hiyo haina njia ya mkato. Kompyuta huipiga hatua kwa hatua. Hapa ofisini tuko wanne, na kila mmoja anaitetea lugha yake ya kompyuta kama shabiki wa mpira. Bosi akasema basi tushindane: hesabu moja, lugha nne, itakayowahi ndiyo itaingia kwenye mashine. Mkongwe wetu akashika Fortran, wengine wakachukua C na Python, mimi Julia. Tafadhali usianze kuulizia mahari, Julia ni lugha.

Nilishinda, Mama! Niliwaacha mbali hata mkongwe akanuna mpaka chai ikampoa. Bosi akatangaza kwamba programu yangu ndiyo itakayotumika, na mdogo wangu atakuwa wa kwanza kuvishwa mashine.

Vipimo tulivyotumia ni vyake mwenyewe, alikubali. Kwa furaha nikauchapa mchoro wa sukari yake niubandike ukutani. Mstari ulipita adhuhuri umetulia kabisa, nami nikaacha kuubandika. Nani nyumbani kwetu asiyejua kwamba akishachomwa sindano ya adhuhuri hutoka jasho na kugombana na kila mtu mpaka ale?

Kumbe programu yangu ikiona sukari imetulia hurefusha hatua ili iwahi. Ilikuwa imeruka kutoka asubuhi hadi alasiri, sindano ikabaki katikati bila kuonekana. Ndiyo mbio zangu zote hizo. Mashine ingeamini hajachomwa, ikamwongezea dozi juu ya dozi. Wenzangu walizizuia zao zisiruke mbali, ndiyo maana zilichelewa.

Nikaiamuru isimame kila penye sindano. Majibu yote manne yakalingana, na Julia wangu akawa wa tatu. Bosi akataka marekebisho hayo yaishie hapo kimya kimya, mashine zitoke kama zilivyopangwa. Nilikataa. Nilimwambia mbele ya wote kwamba sitii saini mpaka programu zote zijaribiwe upya kwa vipimo vya kila mgonjwa, na kama ni kunifukuza, anifukuze. Mkongwe akavuta kiti chake akaja kukaa karibu yangu.

Sasa kaa chini, Mama. Yule mtu uliyeambiwa amesimamisha mashine ya mwanao, yule unayemwombea kila siku asipate usingizi, ni mimi. Dua yako imefika, maana kweli silali. Hata ukikasirika sitairuhusu itoke kabla sijairidhia. Kwa sasa endelea kumchoma mwenyewe, na umvumilie.

Wasalimie majirani wote. Na yeye mwambie lile gubu lake la adhuhuri, tulilomsema miaka yote, ndilo lililomwokoa.

Nakubusu mikono,

Kifungua mimba wako