Vitabu Nilivyovitoa Getini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, kwa sababu siku hiyo mtu asiye na kosa atafutwa kazi kwa ajili yangu.

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja cha uuguzi hapa Machakos, chuo chenyewe usikitaje, na niko na miaka kumi na tisa kwa kazi hiyo. Mwaka jana mkuu wetu alitangaza kwamba vitabu vya karatasi vinaondoka, kila mwanafunzi atasoma kwa simu au kwa kompyuta, na mimi sikupinga, maana nimeona wasichana wakiacha masomo kwa kukosa kitabu kimoja tu, na kweli gharama imeshuka, wazazi wanashukuru. Lakini kuna kijana anaitwa Nzau, ametoka Kivaa, yeye ana simu ya kabambe tu, ya kupiga na kupokea, na kompyuta zetu ni sita kwa wanafunzi mia mbili, basi akawa anasimama nyuma ya wenzake akisoma juu ya mabega yao, mpaka akaanguka mtihani, akaja kwangu akaniambia, "Madam, nipe hata kile kilichochanika." Nikampa. Wakaja wengine wanne. Na kwa vile vitabu vilikuwa vimeshauzwa kwa mnunuzi wa Nairobi, vikingoja tu kubebwa, nikavitoa kidogo kidogo ndani ya maboksi, nikavipeleka nyumbani kwangu Kola, na kila Jumapili baada ya misa vijana hao wanakuja kubadilisha.

Getini yuko mlinzi wetu, Kimeu. Aliniuliza, "Madam, hii ni nini?" Nikasema ni karatasi za kutupa. Akanifungulia, hata akanisaidia kubeba hadi barabarani.

Mnunuzi alipokuja akahesabu, vitabu arobaini havikuwepo. Tukaitwa wafanyakazi wote, Kimeu akaulizwa nani alipita na mzigo, akasema bila kusita, "Ni Madam Mbithe peke yake, na alisema ni karatasi." Mkuu akanigeukia. Mshauri, nikasema, "Ndiyo, zilikuwa karatasi." Kimeu alinitazama. Lawama ikamwangukia yeye mwenye geti, akaambiwa akae nyumbani hadi Alhamisi, kamati iamue. Tena Jumamosi nikakutana na mke wake, Emily, anayeuza mboga sokoni, akanikatia sukuma wiki, akanijazia kupita kiasi, akaniambia, "Tuombee, Madam, mzee amesingiziwa wizi," kumbe Kimeu hata hajamtajia mkewe jina langu. Mboga hiyo nilishindwa kuila.

Nikisema ukweli naogopa nitafutwa kazi, nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na wale vijana watano watabaki bila kitabu. Nikinyamaza, nitamtazamaje huyo mama? Nifanye nini?

Mbithe, Kola.

*

Dada yangu Mbithe,

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuisoma barua yako hewani, lakini wewe umejijua. Leo ni Jumanne, kwa hiyo sitazunguka.

Huruma yako kwa Nzau naielewa. Chuo kinachohamishia masomo kwenye simu bila kuuliza nani hana simu kimefanya kazi nusu. Lakini usijifiche nyuma ya watoto hao. Vitabu havikuwa vyako, ungeomba. Na kumwacha Kimeu aitwe mwizi ni jambo jingine kabisa. Hilo hukulifanya kwa ajili ya Nzau, ulilifanya kwa ajili yako. Mtu amekubebea boksi, ukamkana mbele ya wenzake, naye bado anakusitiri kwa mkewe. Umefanya vibaya, na unajua, ndiyo maana umeniandikia.

Sasa sikiliza. Kwanza nenda kwa Kimeu. Usibebe sukari wala unga, ataona unamnunua. Mwambie, Emily akiwepo: "Mimi ndiye niliyevitoa, na nilidanganya." Akikufokea, nyamaza umsikilize. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu na vitabu vyote, pamoja na vile vilivyo mikononi mwa vijana. Majina yao yabaki kwako. Omba useme mbele ya wafanyakazi wale wale waliosikia uongo wako, kisha uandike barua ya kumwondolea Kimeu lawama, uitie sahihi. Usianze na habari za Nzau, watadhani unajitetea. Jina la Kimeu likishasafishika, ndipo useme kwamba wapo watano wasio na simu za kusomea, na uombe kila somo libakiziwe nakala mbili tatu za karatasi pale maktaba. Hilo ni ombi la haki. Ungeweza kulitoa tangu mwaka jana, mchana kweupe.

Unaweza kufutwa, sitakudanganya. Miaka mitatu ya mshahara si kitu kidogo. Lakini huwezi kuilinda kwa kazi ya mtu mwingine.

Kipindi bado kina nusu saa, na nina barua nyingine mbili. Hazikuhusu. Zima redio, vaa viatu, nenda kwa Kimeu.