Herufi Mbili kwenye Kibao cha Mota

Zakayo, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo sikukijua na Kiganda ulikataa kujifunza. Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Tanuru limewashwa tena, aluminiamu inayeyuka, sufuria zinatoka. Lakini kuna jambo uliloondoka bila kulijua, nami nimelijua majuzi tu. Nitalieleza taratibu, unavyonijua.

Ile mota ya feni, inayopuliza hewa tanuruni, iliungua ukiwa tayari umelazwa na nimonia. Nilikuletea habari hospitalini. Ukaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Siku mbili baadaye ukafa, na swali lako likabaki kwangu.

Baada ya mazishi, Kapteni, yule mwanajeshi aliyekabidhiwa kiwanda chetu Wahindi wenye mali walipofukuzwa nchini, aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa imeandikwa tayari: Zakayo, fundi umeme, Mkenya, ameharibu mota makusudi. "Mzee, tia sahihi tu," akasema. "Wewe mtu ya kusoma, watu nasikia wewe." Mke wako Perisi alikuwa amekwisha kukamatwa, na unajua mke wa mtu aliyeitwa mhujumu hupelekwa wapi. Niliomba siku moja ya kuipima mota kwanza.

Nilianza kwenye kibao, kile cha bati ubavuni mwake, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watu ufundi wa umeme. Kibao cha mota ile, iliyotoka Marekani, kina mistari miwili ya ampea. RLA ni mkondo mota inaouvuta ikifanya kazi yake ya kawaida: ampea tisa. LRA ni mkondo inaouvuta mhimili ukiwa umekwama: ampea hamsini na nne. Huo wa kwanza ndio tunaochagulia waya, tukiongeza robo ili usipate joto, na kikata umeme, kinachoizima mota ikivuta kupita kiasi, tunakitega karibu na hapo. Mota hupewa saketi yake yenyewe, hata taa moja isichukue umeme humo.

Saketi yako ilikuwa peke yake. Maungio yamekazwa, hakuna uzi uliochomoza. Ila waya ulikuwa mnene kupita haja, na kikata umeme kilitegwa ampea hamsini na nne. Beringi ilipojaa vumbi na mhimili ukakwama, mota ilivuta hizo hamsini na nne, na kikata umeme kikaona mambo ni ya kawaida. Kikatulia. Mota ikaungua. Ulikuwa umepiga hesabu sahihi kwa namba isiyo sahihi.

Nilikaa pale chini nikijiuliza mtu mwangalifu kama wewe aliipata wapi namba ile. Ndipo nikakumbuka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania? Sisi Waganda, r na l ni mapacha kinywani mwetu, na hata sikioni. Siku moja nilikuwa nakusimulia habari za miaka ya uhuru, nikasema, "Wakati ule watu walipiga kula." Ukashusha sauti: "Kura au kula, Mwalimu? Ah, usijisumbue. Siku hizi zote mbili hakuna." Tulicheka tukiwa tumefunika midomo.

Siku tuliyofunga mota, wewe ulikuwa juu ya ngazi kwenye bodi ya swichi, mimi nimechuchumaa kwenye kibao, tanuru linanguruma. Ukapaza sauti, "Nisomee RLA!" Nami nikasikia LRA. Nikajibu, "Hamsini na nne!" Ukashangaa: "Kwa kimota hiki? Mwalimu, soma tena." Nikausoma tena mstari uleule, nikaongeza kwa kiburi, "Miwani ninayo mimi." Ukaandika.

Basi hilo ndilo jibu. Wewe hukukosea. Laiti ningelijua ukiwa bado unasikia... Lakini sikulijua.

Niliyaandika yote kwenye ukurasa mmoja, nikatia sahihi ukurasa huo, si ule wao. Kapteni aliusoma, akawaita wenzake. "Kuja hapa! Huyu mzee najishitaki mwenyewe!" Wakacheka sana. Kisha akaniuliza, safari hii bila kicheko, "Kwa nini nafanya hivi? Yule mtu nakufa tayari." Nikamwambia kwamba Perisi hajafa.

Walimwachia Alhamisi. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi. Alishika koti lako mapajani. Jana mfanyabiashara mmoja wa Nateete aliniletea salamu kutoka kwa kaka yake Perisi: dada yake amefika Kisumu, amekula, amelala. Kapteni alibaki na ukurasa wangu. "Jumatatu wewe narudi," alisema. "Kuja peke yako."

Leo ni Jumapili. Fundi aliyechukua nafasi yako nimemwachia maelekezo: mota sasa imesukwa upya, kikata umeme akitege kwa ile tisa, na mtu akimsomea kibao asiombe herufi, aombe maana. Kesho nitakwenda. Wakitaka niyageuze, nitayarudia yaleyale neno kwa neno, na jina lako halitaandikwa kwenye karatasi yao kwa mkono wangu. Hiyo ni ahadi.

Pumzika, Zakayo. Na kama tutaonana mapema kuliko nilivyotarajia, usianze kunicheka kabla sijaketi.

Mwalimu wako