Machozi ya Baba na Lori la Igawa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Tumerudi Rujewa kutoka hospitali Mbeya. Kiharusi kimemwachia Baba mkono wa kushoto tu, na neno moja: ee. Ee akitaka uji, ee asipoutaka. Na analia. Kuku akipita, analia. Mama hali chakula, anadhani Baba anatuaga.

Jumatano, 5 Juni
Nimempigia daktari. Kasema seli za ubongo zinapelekeana habari kwa kemikali, na kiharusi kimezivuruga — mojawapo serotonini — kwa hiyo breki ya kilio haishiki. Machozi bila huzuni. Kanitajia vidonge, nimevipata. Nimewaeleza wote nyumbani, nikarudia mpaka Mama akala: ni kemikali, msiyajali. Nilijiona mjanja.

Jumapili, 23 Juni
Vidonge vimefanya kazi. Wiki hii hajalia kabisa. Hata watu wa kanisani walipomwimbia uani, alitulia.

Ila Charles, kaka yangu. Anataka kuuza kundi lote anunue mashine ya kukoboa mpunga. Kwetu ng'ombe hawatoki zizini mpaka Baba mwenyewe ashike kamba ya fahali na kumkabidhi mnunuzi. Charles kamuuliza, Baba kasema ee. Basi, mtu huyo kutafuta mnunuzi! Nikamwambia hiyo ee anampa hata paka. Kacheka.

Jumanne, 25 Juni
Lori la mnunuzi limefika toka Igawa. Tumembeba Baba na kiti chake mpaka zizini. Charles kamshikisha kamba ya fahali mweupe.

Baba hakuachia. Akalia — si kile kilio cha kufumuka na kukatika. Kimya, macho kwa fahali. Nimeogopa.

"Achia, Baba," Charles kasema. "Mama, usihangaike. Mbuke si alishatuambia? Kemikali hizo."

Akaanza kumbandua vidole. Mama kamzuia, kanigeukia mimi. "Wewe ndo uliongea na daktari. Huyu anayelia ni ugonjwa, au ni mume wangu?"

Nikasema ngoja nikaangalie dawa. Uongo, nimekimbia tu. Niko chumbani, naandika ovyo. Nikisema ni ugonjwa, ng'ombe wanapanda lori. Nikisema ni yeye, na nimekosea? Lori linaunguruma. Mama ananiita, mara ya pili hii.

Kidonge cha asubuhi nilimpa mimi mwenyewe. Alimeza.