Mgeni Atakayekuamkia kwa Kiha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje tangu mvua zianze? Na dagaa wa Kibirizi, bado unabishana na wachukuzi mpaka wanakubebea bure? Mimi huku Marekani ni mzima, isipokuwa mkono uleule uliobanwa na mashine kiwandani. Vidole viwili havikunjiki. Nimeamua kuandika na kumpa barua jirani yangu anayerudi Kigoma, kwa sababu wewe simu unaiweka spika na Gungu nzima inasikia.

Mama, nimefanya kosa na ninaogopa.

Kesi yangu dhidi ya kiwanda inajikokota. Kazi sina, na mwenye nyumba hana subira. Nikasikia kuna kampuni zinazokupa hela ya kujikimu kesi ikiwa bado mahakamani, ukishinda wanakata chao. Nikaomba. Karatasi zote ni Kiingereza cha wanasheria, si hiki changu cha kuombea chumvi. Wakanipa mkalimani wa kwenye simu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na haraka alikuwa nayo.

Akaniuliza nani ananijua. Unajua kwetu mtu haombi kitu kabla hajajieleza ni mtoto wa nani. Nikamtaja marehemu baba, nikakutaja wewe, nikaitaja na nyumba ya Gungu ambayo hati yake ina jina lako. Nilikuwa najitambulisha tu, wajue mimi si mtu wa kuokotwa. Wao wakaandika kwamba ninaweka nyumba dhamana. Nikatia sahihi bila kujua.

Wakili wangu alipoiona alishika kichwa. Baadaye akasema karatasi ile peke yake haina nguvu, nyumba ni yako, hawawezi kuigusa bila sahihi yako. Nikashusha pumzi. Nilishusha mapema mno.

Juzi simu ikaita, namba siijui. Sauti ya mwanamume ikasema, "Mwidiwe, dada." Mama, tangu nifike huku sijawahi kuamkiwa kwa Kiha na mtu nisiyemjua. Nilifurahi kama mjinga. Kumbe anafanya kazi na kampuni ileile.

"Mama bado yuko palepale, kwenye mlango wa bluu?"

Nikamuuliza rangi ya mlango ameijuaje, maana sikumwambia mtu. Akacheka.

"Nakwenda nyumbani mwezi huu, dada. Nitapita kumwamkia. Kuna kikaratasi cha kukusaidia kwenye kesi yako. Tutaelewana tu, mimi na mama."

Nilipoomba mtu anayejua lugha yangu vizuri, walisema hawana. Sasa wamempata.

Basi nakuomba jambo ambalo hukunifundisha kamwe. Mgeni huyo usimkaribishe, usimtolee kiti, hata maji usimpe. Atakutajia baba, atakusifia dagaa wako, na moyo wako utalainika, nakujua. Usitie sahihi wala dole gumba, hata akikwambia niko mahututi.

Nisalimie kaka Juma, mshonaji wetu wa Mwanga. Mwambie ahamie kwako kwa sasa, aje na cherehani yake. Na shangazi wa Ujiji, mlezi wangu, mwambie dua zake nazihitaji kuliko zamani.

Ni mimi mwanao, mwenye kukupenda na kukosa usingizi kwa ajili yako,
Ashura

Mama, barua hii umeletewa na mwanamke, yule jirani yangu. Ukiletewa nyingine na mwanamume, hata ikiwa na jina langu chini, si mimi niliyeiandika.